Mbwa wa Uskoti: Tabia Hufuata Kazi

Kwenye chupa za wiski ya Black & White, zinazoonekana katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, wamechorwa mbwa wawili wadogo, mmoja mweusi na mwingine mweupe, na wengi wanaowatazama huamini kwamba ni mbwa wa aina moja waliotofautiana rangi tu. Sivyo. Yule mweusi ni Scottish Terrier, ambaye wapenzi wake humwita Scottie, na yule mweupe ni West Highland White Terrier, maarufu kwa jina la Westie. Ni aina mbili zenye vitabu viwili vya nasaba. Mkanganyiko huo ni mdogo ukilinganishwa na mingine inayosikika kila mazungumzo yanapogusa mbwa wa kigeni: Golden Retriever hudhaniwa kuwa mbwa wa Marekani, Border Collie husifiwa kuwa mwerevu kiasi cha kujifundisha mwenyewe, Sheltie hudaiwa kuwa koli (mbwa wa kuchunga kondoo) aliyedumaa, na kila mbwa mdogo mwenye ndevu huitwa Scottie.

Wote hao wana asili ya Uskoti, nchi ambayo eneo lake halifiki sehemu moja ya kumi ya eneo la Tanzania lakini imeipa dunia zaidi ya aina kumi za mbwa. Makala haya yanaeleza mbwa hao ni akina nani, kwa nini wanapendwa kiasi hicho, na kwa nini mtu aliyempenda mmoja wao kwa kuiona picha yake hujikuta, miezi michache baadaye, analalamika kwamba bustani imechimbuliwa au watoto wanakimbizwa na kung'atwa visigino. Maswali hayo yana jibu moja. Tabia ya mbwa wa Uskoti ilitokana na kazi aliyopewa na ardhi aliyoifanyia kazi hiyo, na kazi hiyo bado imo ndani yake hata kama leo analala juu ya zulia.

Aina ya mbwa maana yake nini

Mbwa wote duniani ni mnyama mmoja, na mbwa koko wa mtaani anaweza kuzaa na mbwa wa ikulu bila tatizo lolote. Tunaposema aina, tunakusudia kundi la mbwa ambao kwa vizazi vingi wamezalishwa wao kwa wao, kwa uteuzi wa makusudi, mpaka watoto wakafanana na wazazi kwa umbo na kwa mwenendo. Mfugaji anayejua tofauti ya ng'ombe wa Ankole, Boran na Friesian ameshalielewa jambo hili, na huenda ameshafuga mnyama wa Uskoti bila kujua, kwa kuwa ng'ombe wa maziwa wa Ayrshire, aliyezoeleka kwa wafugaji wa nyanda za juu za Kenya, asili yake ni Ayrshire, kusini-magharibi mwa Uskoti. Tofauti iliyopo ni kwamba ng'ombe aliteuliwa kwa maziwa, nyama au ustahimilivu wake, ilhali mbwa aliteuliwa kwanza kwa yale anayoyafanya hata bila kuambiwa: kuchimba, kukodoa macho, kubweka, kuokota, kufukuza.

Mpaka katikati ya karne ya 19 mkulima wa Uskoti hakuwa na kitabu cha nasaba. Alimpandisha mbwa wake hodari kwa mbwa hodari wa jirani, akabakiza watoto walioonyesha moyo wa kazi, na rangi ya manyoya haikumsumbua sana. Mwaka 1859 yalifanyika Newcastle, kaskazini mwa England, maonyesho yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya mbwa, na mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club mjini London, chama kinachotunza nasaba na vipimo vya kila aina. Kuanzia hapo, makundi yaliyokuwa yakichanganyika kila bonde kwa namna yake yalitengwa, yakapewa majina na kufungiwa mlango. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Westie ni aina yenye umri wa miaka elfu anachanganya mambo mawili: kazi ya mbwa huyo ni ya kale, lakini jina lake na mlango uliofungwa ni mambo ya karne moja na ushei tu.

Teria, wawindaji wa mashimoni

Nyanda za juu za Uskoti na visiwa vyake vya magharibi ni nchi ya mvua, upepo na mawe. Mkulima mdogo wa huko aliishi kwa kondoo wachache, kuku na nafaka kidogo, na maadui zake walikuwa mbweha, nyegere wa Ulaya, fisi maji na panya, wanyama ambao mchana hujificha katika mashimo na mianya ya miamba. Mbwa mkubwa hawezi kuwafuata humo. Alihitajika mbwa mfupi wa miguu, mwenye manyoya magumu juu ya kumkinga na mawe na manyoya laini chini ya kumkinga na baridi, na mwenye taya na meno makubwa kuliko umbo lake. Mbwa huyo ndiye teria.

Sifa iliyotafutwa zaidi ya hizo zote haionekani kwa macho. Teria akishaingia shimoni yuko peke yake gizani, uso kwa uso na mnyama anayepigania uhai wake, na bwana wake aliyebaki juu hawezi kumwona wala kumwelekeza. Ni lazima aamue mwenyewe asonge mbele, angoje au abweke ili watu wajue pa kuchimba. Mbwa anayesubiri ruhusa asingefaa kitu mle ndani. Hapo ndipo ulipo mzizi wa kile ambacho wanunuzi wa leo hukiita ukaidi: unamwita Scottie, anageuka, anakutazama vizuri, kisha anaendelea na shughuli yake. Amekusikia, ila ametoka katika nasaba iliyoteuliwa kwa kujiamulia mambo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha mvuto wa teria wote wa Uskoti, kwamba mtu anaishi na kiumbe kidogo chenye msimamo wake, ambacho mapenzi yake hayapatikani kwa kila mpita njia.

Mtazame Scottie kwa karibu. Kimo chake begani ni kati ya sentimita 25 na 28, lakini uzito wake hufika kilo 10, na anayemwinua kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi umbo hilo fupi lilivyoshiba misuli. Kichwa ni kirefu, nyusi na ndevu zimeshuka, masikio yamesimama wima, na nyayo za mbele ni kubwa kidogo kuliko za nyuma kwa sababu ndizo zinazotupa udongo anapochimba. Kila kiungo hapo ni zana. Mbwa huyu ndiye aliyechaguliwa kuzitangulia timu katika ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, tarehe 23 Julai 2014, ambapo timu za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, kama za mataifa mengine yote, ziliingia uwanjani zikiongozwa na Scottie aliyevalishwa kijinguo chenye jina la nchi. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani naye alikuwa na Scottie aliyeitwa Fala, ambaye sanamu yake imewekwa kando ya sanamu ya bwana wake katika kumbukumbu yake jijini Washington.

Westie alipata weupe wake kwa uamuzi wa watu. Husimuliwa kwamba Edward Donald Malcolm wa Poltalloch, katika wilaya ya Argyll, alimpiga risasi teria wake mwenye rangi ya hudhurungi akidhani ni mbweha, na kwa uchungu akaazimia kufuga weupe peke yao, wanaoonekana waziwazi kati ya mawe na vichaka. Kisa hicho ni simulizi la ukoo na hakuna anayeweza kukithibitisha, lakini mchango wa Malcolm katika kuijenga aina hii unajulikana vyema, na Kennel Club iliitambua mwaka 1907. Ndugu wa karibu zaidi wa Westie ni Cairn Terrier, mbwa mdogo wa rangi za mchanga, kijivu au hudhurungi, aliyepewa jina la malundo ya mawe alimowindia. Aina hizo mbili ziliendelea kupandishwa pamoja hata baada ya kupewa majina tofauti, mpaka vyama vya mbwa vilipopiga marufuku; Marekani ilifanya hivyo mwaka 1917. Kwa hiyo ukitaka kujua teria wa mkulima wa zamani alifananaje, mtazame Cairn, maana yeye ndiye aliyeguswa kidogo zaidi na kanuni za urembo.

Skye Terrier, mwenye manyoya marefu yanayoburura chini na kufunika macho, anajulikana zaidi kwa ajili ya mbwa mmoja. Katika makaburi ya Greyfriars, jijini Edinburgh, alizikwa mwaka 1858 mlinzi wa usiku wa polisi aitwaye John Gray, na inasemekana mbwa wake Bobby alikaa karibu na kaburi hilo kwa miaka 14, mpaka naye alipokufa mwezi Januari 1872. Mwaka 1867 meya wa jiji, William Chambers, alimlipia Bobby leseni ili asiuawe kwa kukosa mmiliki, na mwaka 1873 ikasimamishwa sanamu yake iliyogharimiwa na tajiri mpenda wanyama, Angela Burdett-Coutts. Mwaka 2011 mtafiti Jan Bondeson alitoa hoja kwamba huenda walikuwa mbwa wawili waliofuatana, na kwamba mbwa hukaa pale anapolishwa. Tena wako wanaosema Bobby alikuwa Dandie Dinmont na hakuwa Skye. Hoja hizo zina uzito, na mimi sioni kwamba zinamwondolea Bobby heshima yake, kwa kuwa jambo lisilobishaniwa ni kwamba watu wa mtaa mzima walimlisha na kumtunza mbwa asiye na bwana kwa miaka mingi. Watalii wanaosugua pua ya sanamu yake kwa kudai ni mila ya kutafuta bahati wanapaswa kujua kwamba hiyo si mila ya kale, na kwamba wanaiharibu sanamu.

Dandie Dinmont mwenyewe, teria mrefu wa mgongo mwenye kishungi cha manyoya laini kichwani, amepewa jina la mhusika katika riwaya ya Walter Scott iliyotoka mwaka 1815. Wasomaji walimtambua mara moja mkulima wa kweli aliyefanana na mhusika huyo, James Davidson wa Hindlee, karibu na mpaka wa England, ambaye alikuwa na mazoea ya kuwaita teria wake Pilipili au Haradali kufuatana na rangi zao. Mpaka leo rangi rasmi za aina hii ni hizo hizo mbili.

Hitilafu inayorudiwa sana kuhusu teria ni kudhani kwamba mbwa mdogo ni mbwa mwepesi wa kufuga. Teria atachimba chini ya ua, atabweka kila kitu kinapopita, na kuku wanaojitafutia uwanjani watakuwa hatarini mbele yake, maana macho yake hayatofautishi kifaranga na panya. Anayetaka kumkataza kuchimba moja kwa moja anapigana na karne nzima za uteuzi. Ni afadhali kumtengea pembe ya kiwanja ambayo ni yake.

Koli, wachungaji wa kondoo

Katika kundi la pili mambo yanageuka. Koli hufanya kazi hadharani, umbali wa mamia ya mita kutoka kwa mchungaji, na mawasiliano kati yao hayakatiki. Mbwa wa namna hii anayejiamulia kila jambo angeyatawanya makundi ya kondoo. Aliyehitajika ni mbwa anayesikiliza kwa mwili mzima.

Ukimwona Border Collie kazini utaelewa. Mchungaji amesimama chini ya kilima na kondoo wako juu. Kwa mluzi mmoja mbwa anaondoka, lakini haendi moja kwa moja kwa kondoo. Anazunguka kwa upinde mpana ili atokee nyuma yao bila kuwashtua. Akifika, anapunguza mwendo, anashusha kichwa usawa wa mabega, tumbo linakaribia kugusa nyasi, na anawakazia kondoo macho. Habweki wala haumi. Kondoo wanalihisi jicho lile na wanaanza kusogea. Mluzi mwingine unamwambia azunguke kwa mwelekeo wa mshale wa saa, mwingine kinyume chake, na mwingine alale chini pale pale alipo. Anachokifanya ni uwindaji wa mbwa mwitu uliokatwa mwisho wake: kunyatia, kukodolea macho na kufukuza vimebaki, ila kuua kumeondolewa kwa uteuzi wa vizazi vingi.

Habari hii ya kondoo ina upande wenye uchungu, na mpenzi wa mbwa hawa hafai kuupita kimya. Kuanzia karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, wenye ardhi wa nyanda za juu walizihamisha kwa nguvu familia nyingi za wakulima wadogo ili kupisha mashamba makubwa ya kondoo, na wengi wa waliofukuzwa waliishia pwani, mijini au ng'ambo, hasa Kanada. Mashamba hayo yaliwezekana kwa sababu mchungaji mmoja mwenye mbwa wawili hodari aliweza kusimamia mamia ya kondoo milimani bila ua wala vibarua. Kosa hilo si la mbwa, lakini kuenea kwake ni sehemu ya historia hiyo.

Border Collie wa leo karibu wote wanatoka katika nasaba ya dume mmoja, Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 huko Northumberland. Eneo hilo liko upande wa England, na ni haki kulisema hilo wazi: wachungaji wa mpakani walibadilishana mbwa bila kujali mstari wa ramani, na sifa za aina hii ni za pande zote mbili. Jina Border Collie lilianza kutumika mwaka 1915 kwa kauli ya James Reid, Mskoti aliyekuwa katibu wa Chama cha Kimataifa cha Mbwa wa Kondoo kilichoundwa mwaka 1906. Chama hicho kilimpima mbwa kwa kazi na hakikuwa na haja na sura yake. Ndiyo maana mbwa hawa walichelewa sana kuingia katika vitabu vya Kennel Club, ambayo iliwatambua mwaka 1976 tu.

Rough Collie, yule mwenye pua ndefu na manyoya tele shingoni, alipita njia nyingine. Malkia Victoria, ambaye familia yake ilinunua kasri la Balmoral mwaka 1852, aliwapenda mbwa wa wachungaji aliowaona huko akawafuga, na kilichopendwa na malkia kikatafutwa na kila tajiri. Vipimo vya maonyesho vikachukua nafasi ya kilima: pua ikarefushwa, kichwa kikapunguzwa upana, manyoya yakaongezwa. Matokeo yake ni mbwa mpole, mwenye haya kidogo na mwangalifu kwa watoto, lakini moyo wa kuchunga umepungua ndani yake. Kutoka katika mzizi mmoja watu walipata mbwa wawili kwa sababu waliuliza maswali mawili tofauti: huyu ni mzuri kiasi gani, na yule anafanya nini.

Sheltie, au Shetland Sheepdog, si koli aliyedumaa. Visiwani Shetland, mbali kaskazini, mifugo ni midogo kwa umbo, farasi na kondoo vilevile, na mbwa mdogo alitosha kuwazuia kondoo wasiingie katika mashamba ya nafaka. Koli aliongezwa katika damu yake baadaye, na ndipo ulipotoka mfanano wao. Kwa vile kazi yake ilikuwa kufukuza kwa kelele, Sheltie hubweka sana, jambo ambalo mkazi wa nyumba za kupanga zilizobanana anapaswa kulifikiria kabla ya kulipa. Bearded Collie, mwenye manyoya yanayofunika macho, alitumika zaidi kuswaga ng'ombe na kondoo kwenda mnadani.

Sasa suala la akili. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo cha Wofford, Marekani, walieleza habari za Border Collie jike aitwaye Chaser aliyejifunza majina ya vitu 1,022, na tangu hapo wengi wamehitimisha kwamba mbwa mwerevu ni mbwa rahisi. Ukweli uko kinyume chake. Akili ya koli ni njaa inayodai kulishwa kila siku, na Chaser alifundishwa kwa saa nyingi kila siku kwa muda wa miaka mitatu. Koli aliyefungiwa uani bila kazi atajitafutia kazi: atachunga watoto kwa kuwang'ata visigino, atafukuza bodaboda langoni, au atazunguka duara lilelile mpaka nyasi ziishe. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu ni mateso ya kweli kwa mnyama, na mwenye mbwa hudhani amepewa mbwa mbovu.

Golden Retriever alizaliwa Guisachan

Ikiwa kuna mbwa wa Uskoti aliyepotea utambulisho, ni huyu. Dudley Marjoribanks, tajiri ambaye baadaye aliitwa Lord Tweedmouth, alikuwa na shamba la uwindaji huko Guisachan, magharibi ya Inverness. Bunduki za wakati huo zilikuwa zimeboreshwa, ndege walianguka mbali zaidi na kwa wingi zaidi, wengi wao majini, na alihitajika mbwa wa kuwaokota na kuwaleta bila kuwatafuna. Mwaka 1868 Marjoribanks alimpandisha Nous, dume wa rangi ya dhahabu aliyemnunua Brighton, kwa Belle, jike wa spanieli wa majini wa mto Tweed, aina ambayo leo haipo tena. Wakazaliwa watoto wanne wa manjano, na kwao ndiko ulikoanzia ukoo wote wa Golden Retriever.

Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba mbwa hawa walitokana na mbwa wa sarakasi kutoka Urusi, hadithi yenye kuvutia lakini isiyo na msingi. Daftari la uzazi la Guisachan, lililoandikwa kwa miaka mingi kuanzia 1835, lilichapishwa mwaka 1952 na likaumaliza ubishi. Kasri la Guisachan sasa ni magofu, lakini wapenzi wa mbwa hawa hukusanyika hapo kila baada ya miaka kadhaa, na mwezi Julai 2023 walifika na mbwa 488.

Upole wake nao umetoka kazini. Mbwa wa kuokota hushinda siku nzima kati ya watu wasiojuana, bunduki zikilia na mbwa wengine wakiwa kando yake. Mkali au mwoga hakuwa na nafasi. Kinywa chake kimefundishwa kwa vizazi kubeba bila kubana. Ndiyo sababu leo anaongoza vipofu na kuwaliwaza wagonjwa, na ndiyo sababu hiyo hiyo inayomfanya asifae kabisa kwa ulinzi. Anayemnunua ili amfukuzie wezi atagundua kwamba mbwa wake anawapokea wageni wa usiku kwa mkia.

Gordon Setter, mweusi mwenye mabaka ya hudhurungi, alikuzwa na Duke wa nne wa Gordon, mwenye ardhi mkubwa wa Uskoti, kwa ajili ya kutafuta ndege jamii ya kwale na kusimama kimya mbele yao mpaka mwindaji afike. Scottish Deerhound ni mkubwa kuliko wote, dume akiwa na kimo cha angalau sentimita 76, na alifukuza kulungu wekundu kwa mbio zake tu, kabla bunduki za masafa marefu hazijamnyang'anya kazi. Ndani ya nyumba ni mtulivu mno. Maisha yake kwa kawaida hayazidi sana miaka tisa, na hilo ni huzuni inayojulikana mapema kwa kila anayempenda.

Umaarufu na uhaba

Mvuto wa mbwa hawa haukugawanywa sawasawa. Golden Retriever na Border Collie wako kila bara, ilhali Skye Terrier, Dandie Dinmont, Deerhound, Gordon Setter na koli wa manyoya mafupi wamo katika orodha ya Kennel Club ya aina asilia zilizo hatarini, yaani zile ambazo watoto wanaosajiliwa kwa mwaka Uingereza hawazidi 300. Umaarufu nao una gharama zake, kwa sababu wazalishaji wenye haraka hupandisha ndugu kwa ndugu na magonjwa ya ukoo yakajikita. Westie huteswa sana na mzio wa ngozi, Scottie yuko katika hatari kubwa ya saratani ya kibofu kuliko mbwa wengi wengine, na saratani huwaua Golden wengi. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha mama wa watoto anaowauza wala kueleza afya ya wazazi hastahili mkono wako uingie mfukoni, hata akiwa na picha nzuri namna gani.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna mambo mawili ya ziada. La kwanza ni joto. Manyoya ya tabaka mbili yalikusudiwa mvua ya baridi, na mbwa wa namna hiyo akiwa Mombasa au Dar es Salaam anahitaji kivuli, maji muda wote, na mazoezi ya alfajiri au jioni. Kumnyoa mpaka ngozini si msaada, kwa kuwa manyoya hayo pia huikinga ngozi na jua. Kinachomfaa ni kuchanwa mara kwa mara ili manyoya ya chini yaliyokufa yatoke.

La pili ni la hatari zaidi na halisemwi vya kutosha. Ivamektini, dawa ya minyoo na upele inayotumika kila siku kwa ng'ombe, mbuzi na hata mbwa wetu wa kawaida, inaweza kumuua koli. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walieleza chanzo chake: koli wengi wana hitilafu katika jeni iitwayo MDR1, ambayo kazi yake ni kuzisukuma baadhi ya dawa zisiingie katika ubongo. Vipimo vya Marekani vimeonyesha kwamba takriban Rough Collie 7 kati ya 10 wanabeba hitilafu hiyo. Sheltie wanayo kwa kiasi kidogo zaidi, na Border Collie kwa nadra. Kiwango kidogo sana kilichomo katika vidonge maalumu vya mbwa vya kila mwezi hakiwadhuru, lakini sindano ya kutibu upele, au dawa ya ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho, humfanya mbwa adondoshe mate, ayumbe, apoteze uwezo wa kuona, azimie na pengine asiamke. Hata kula kinyesi cha mifugo iliyotoka kupewa dawa kumewahi kuwadhuru. Mwenye koli, Sheltie au chotara wao amweleze daktari wa mifugo kabla sindano haijavutwa, aombe dawa mbadala, na siku mifugo wanapopewa ivamektini, na siku zinazofuata, amfungie mbwa mbali na zizi.